Maswali ya Wasomaji: Maneno ya Opera Huandikwa na Nani?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali yao kuhusu opera na nyimbo za Ulaya zinazoimbwa kwa piano. Tulitarajia kuulizwa habari za waimbaji mashuhuri na kumbi zao. Badala yake, barua nyingi ziliuliza habari za watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye matangazo, yaani wale wanaotunga maneno. Tumechagua sita.

Swali: Mhariri, kila tangazo ninaloliona limeandikwa "Don Giovanni ya Mozart". Mwanangu anayesomea muziki ananiambia kwamba Mozart hakuandika hata neno moja la opera hiyo. Ikiwa ni kweli, aliyeyaandika ni nani, na kwa nini hatajwi? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Mwanao amesema kweli. Maneno ya Le nozze di Figaro (1786), Don Giovanni (1787) na Così fan tutte (1790) ni kazi ya Lorenzo Da Ponte, mtu ambaye maisha yake peke yake yangetosha kuwa opera. Alizaliwa mwaka 1749 katika mji wa Ceneda, kaskazini mwa Venice, katika familia ya Kiyahudi, na jina lake la kwanza lilikuwa Emanuele Conegliano. Baba yake aliingia Ukristo mwaka 1763 ili aoe mke Mkristo, akawabatizisha na watoto, na kijana akachukua jina la askofu aliyewabatiza, kama ilivyokuwa desturi. Alipewa upadri mwaka 1773, lakini mwenendo wake haukulingana na kanzu aliyoivaa, na mwaka 1779 Venice ilimpiga marufuku kwa miaka 15. Akaishia Vienna, ambako Kaisari Joseph II alimpa cheo cha mshairi wa jumba la maigizo ya Kiitaliano.

Cheo hicho kilikuwa kazi ya mshahara. Mshairi wa jumba alitafuta kisa, akakipunguza kiingie katika saa tatu za usiku mmoja, akakigawa kulingana na waimbaji waliokuwapo, na akahakikisha kwamba hakuna mwimbaji mkubwa aliyenyimwa wimbo wake. Tamthilia ya Kifaransa ya Beaumarchais iliyokuwa chanzo cha Figaro ilikuwa imezuiwa kuchezwa Vienna kwa sababu ya maneno yake makali dhidi ya mabwana. Da Ponte aliyaondoa makali hayo, akapunguza wahusika kutoka 16 hadi 11, na serikali ikaruhusu opera. Anayetaka kuona ufundi wake asome ule wimbo wa Don Giovanni ambamo mtumishi Leporello anamsomea Donna Elvira orodha ya wanawake waliotongozwa na bwana wake: Italia 640, Ujerumani 231, Ufaransa 100, Uturuki 91, "lakini Uhispania tayari ni 1,003". Mshairi wa kawaida angesema elfu, basi. Wale watatu wa ziada ndio wanaochekesha, kwa sababu wanaonyesha kwamba kuna mtu aliyekaa akahesabu. Na Mozart, aliyejua thamani ya alichopewa, anamfanya mwimbaji airudie idadi hiyo tena na tena. Haki itendeke, lakini: orodha yenyewe ilikuwamo tayari katika maneno ambayo Giovanni Bertati alimwandikia mtunzi mwingine, Gazzaniga, huko Venice mapema mwaka huohuo, na Da Ponte hakuwa mtu wa kushukuru alichokopa.

Ama kuhusu jina kutotajwa, mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Kizazi kimoja kabla ya Mozart, jina lililouza tiketi lilikuwa la mshairi. Pietro Metastasio (1698–1782) aliandika maneno ya opera mara moja, kisha makumi ya watunzi wa muziki wakayachukua maneno yaleyale, kila mmoja akiyatilia sauti zake. Watu walikwenda kuitazama Artaserse ya Metastasio, na aliyeitia muziki safari hiyo lilikuwa jambo la pili. Mizani ilipinduka baadaye, mtunzi wa muziki alipoanza kutazamwa kama bwana wa kazi nzima, na mwandishi wa maneno akabaki na kijitabu, ambacho ndiyo maana halisi ya neno libreto.

Da Ponte alihamia Marekani mwaka 1805. Aliendesha duka la vyakula, akafundisha Kiitaliano, na mwaka 1825 akawa profesa wa kwanza wa lugha hiyo katika chuo cha Columbia mjini New York. Mwaka 1826 aliishuhudia Don Giovanni ikichezwa katika mji huo, karibu miaka 35 baada ya Mozart kufariki. Yeye alifariki mwaka 1838 akiwa na umri wa miaka 89, na kaburi lake halijulikani lilipo, kama lisivyojulikana la Mozart.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi hutunga mashairi ya taarab, na kwetu shairi lisilo na mizani waimbaji hawalipokei. Je, washairi wa opera nao huhesabu mizani, au huandika tu kama barua? (Msomaji, Unguja)

Jibu: Marahaba. Wanahesabu, tena kwa ukali, ila hesabu yao ina mtego usiokuwapo kwetu. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, kwa hiyo kipande cha mizani 8 kina silabi 8 na hapana la kubishania. Kiitaliano hakiko hivyo. Yapo maneno yenye mkazo kwenye silabi ya mwisho kabisa, yapo ya pili kutoka mwisho kama yetu, na yapo ya tatu kutoka mwisho. Kwa hiyo mshairi wa Kiitaliano huhesabu mpaka silabi ya mwisho yenye mkazo, kisha huongeza moja, iwe ipo au haipo.

Chukua mshororo ambao Don Giovanni anamwimbia msichana wa kijijini: "Là ci darem la mano", yaani huko tutapeana mikono. Hesabu kwa vidole: là, ci, da, rem, la, ma, no. Ni saba. Mshororo unaofuata ni "là mi dirai di sì", huko utaniambia ndiyo: là, mi, di, rai, di, sì. Ni sita, lakini mkazo umeangukia silabi ya sita, hivyo kwa kanuni yao nao unahesabiwa saba. Sasa chukua wimbo wa Rigoletto (1851), maneno ya Francesco Maria Piave na muziki wa Verdi: "La donna è mobile". Irabu mbili zinazokutana katika "donna è" zinamezwa kuwa moja, ukipata la, don, na, mo, bi, le. Ni sita, lakini mkazo uko kwenye "mo", ya nne, hivyo unahesabiwa tano, sawasawa na mwenziwe "qual piuma al vento". Wewe uliyezoea ukwapi na utao wa nane kwa nane utaiona hesabu hii kama ulaghai, na sikulaumu. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuiamini. Lakini mwimbishe mtu mishororo hiyo, nawe utasikia kwamba mkazo unaangukia pale pale kila mara, na mkazo ndio mtunzi wa muziki anaoutafuta.

Faida yake ilikuwa kubwa. Kwa desturi iliyodumu zaidi ya miaka 150, sehemu za mazungumzo ziliandikwa kwa mishororo ya 7 na 11 iliyochanganywa bila vina, na sehemu za wimbo ziliandikwa kwa beti zenye mizani sawa na vina. Mtunzi wa muziki alipoipokea karatasi, kabla hajasoma maana, alikwisha kuona kwa macho wapi watu wanasema na wapi wanaimba.

Mwenendo huo uliweza kwenda kinyumenyume pia. Puccini, alipokuwa akitunga La bohème (1896), mara nyingi alipata sauti kabla ya maneno, kisha akawataka washairi wake, Luigi Illica na Giuseppe Giacosa, wajaze. Ili wajue mizani aliyoihitaji aliwapa maneno ya upuuzi, na kwa wimbo wa Musetta aliwaandikia "cocoricò, cocoricò, bistecca", yaani jogoo anawika mara mbili kisha nyama ya kukaanga. Nne, nne, tatu. Washairi wakarudisha "Quando me'n vo', quando me'n vo' soletta", ninapotembea peke yangu, na silabi zikaingia kila moja mahali pake. Giacosa, aliyekuwa mtu wa heshima katika ushairi wa Italia, aliikasirikia kazi hiyo zaidi ya mara moja na kutishia kuiacha. Nadhani wewe unamwelewa.

Swali: Je, hakuna mtunzi aliyejiandikia maneno mwenyewe akaepuka usumbufu wote huu? (Msomaji, Bagamoyo)

Jibu: Yupo Richard Wagner, ambaye hakumruhusu mtu mwingine kuandika. Maneno ya opera zake nne ziitwazo kwa pamoja Pete (Der Ring des Nibelungen) aliyaanza mwaka 1848 kwa kuandika sehemu ya mwisho kwanza, akayachapisha mwaka 1853, akamaliza muziki mwaka 1874, na zikachezwa zote kwa mfuatano huko Bayreuth mwaka 1876. Aliacha vina, akashika mtindo wa kale wa Kijerumani wa kurudia sauti za mwanzo wa maneno. Kwa maoni yangu, hasara yake ni kwamba hakuwa na mwenziwe wa kumwambia imetosha: katika sehemu ya pili ya Die Walküre, mungu Wotan anamsimulia binti yake mambo ambayo sisi wasikilizaji tumekwisha kuyajua, na anasimulia kwa muda mrefu.

Arrigo Boito wa Italia naye alijiandikia. Opera yake Mefistofele ilizomewa katika jumba la La Scala, Milan, mwaka 1868, naye akaipunguza na kuirekebisha kabla ya kukubaliwa Bologna mwaka 1875. Lakini alipomwandikia Verdi alikuwa mwalimu wa ufupi. Katika Otello (1887) aliifuta sehemu yote ya kwanza ya tamthilia ya Shakespeare, ile ya Venice, akaanza na dhoruba baharini.

Swali: Tulifundishwa kwamba Aida ilitungwa kwa ajili ya kufungua Mfereji wa Suez. Ni kweli? Na aliyeandika maneno yake ni Mmisri? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Si kweli, ingawa utaikuta habari hiyo katika vitabu vingi. Mfereji ulifunguliwa Novemba 1869. Mtawala wa Misri, Khedive Ismail, alitaka Verdi atunge utenzi wa sifa kwa sherehe hiyo, na Verdi akakataa. Jumba jipya la opera la Cairo lilifunguliwa mwezi huohuo kwa Rigoletto. Aida ilikuja baadaye, kwa malipo ya faranga 150,000, na ilipaswa kuchezwa Januari 1871, lakini mapambo ya jukwaa na mavazi yalikuwa yakitengenezwa Paris, na Paris ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Prussia. Ikachezwa tarehe 24 Desemba 1871, Verdi mwenyewe akiwa amebaki Italia.

Maneno yake yalipita mikono minne. Kisa kilitungwa na Auguste Mariette, Mfaransa aliyekuwa akifukua makaburi na mahekalu ya kale huko Misri. Camille du Locle akakipanua kwa Kifaransa cha nathari akiwa nyumbani kwa Verdi. Antonio Ghislanzoni akakigeuza kuwa beti za Kiitaliano. Na Verdi akasimama nyuma ya kila mmoja wao akiwakosoa. Barua zake kwa Ghislanzoni za mwaka 1870 ni darasa kamili kwa mtunzi yeyote wa maneno. Alimwambia kwamba anachokihitaji ni neno la jukwaani, neno linaloichonga hali mbele ya macho ya mtazamaji, hata kama litavunja mizani na kina. Na kwamba wakati mwingine mshairi na mtunzi wa muziki wanahitaji kipaji cha kutofanya ushairi wala muziki. Kwa hiyo hakuna Mmisri aliyeandika neno lolote katika opera inayojivunia kuwa ya Misri, na wasomi wamelijadili sana jambo hilo.

Wasomaji wa Zanzibar watapenda kukumbuka kwamba ni katika miaka hiyohiyo ya Ismail na warithi wake ambapo Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, anasimuliwa kuwa alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki, jambo ambalo simulizi za taarab huliweka mwanzoni kabisa mwa historia yake. Mji huo ulikuwa ukiagiza muziki kutoka Milan kwa mlango mmoja, na kuutoa wa kwake kwa mlango mwingine.

Swali: Kwaya yetu imeanza kujifunza nyimbo za Schubert. Mwalimu anasema alitunga zaidi ya 600 na akafa kijana. Je, aliwajua washairi aliowaimba? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Idadi ni sahihi, na Franz Schubert alifariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31. Baadhi ya washairi wake aliwajua vizuri: Johann Mayrhofer alikaa naye chumba kimoja Vienna kwa karibu miaka miwili, mshairi akiandika na mtunzi akichukua karatasi kabla wino haujakauka vizuri. Lakini wale wawili waliompa kazi zake kubwa hakuwahi kuonana nao.

Wa kwanza ni Goethe. Mwaka 1816 rafiki yake Schubert, Joseph von Spaun, alimpelekea mshairi huyo mkuu kifurushi cha nyimbo zilizotungwa kwa mashairi yake, pamoja na barua ya unyenyekevu. Kifurushi kilirudishwa bila jibu. Goethe aliamini kwamba muziki ni mtumishi wa shairi: sauti moja irudiwe kwa kila ubeti, maneno yasikike, basi. Sasa tazama Schubert alivyoitendea Erlkönig. Baba anakimbiza farasi usiku akiwa amembeba mwanawe mgonjwa, na mtoto anamwona mfalme wa majini akimwita. Mkono wa kulia wa mpiga piano unagonga noti zilezile kwa mfululizo wa tatutatu, kwato zisizopumzika, mpaka mkono unauma; mwimbaji mmoja anabeba sauti nne, ya msimulizi, ya baba, ya mtoto na ya jini; na kila mtoto anapolia sauti yake inapanda juu kidogo kuliko mara iliyotangulia. Kisha farasi anasimama, piano inanyamaza, na maneno ya mwisho, kwamba mtoto alikuwa amekufa, yanasemwa karibu bila muziki. Huyu si mtumishi. Goethe alikuja kuukubali wimbo huo mwaka 1830 alipoimbiwa na Wilhelmine Schröder-Devrient, na wakati huo Schubert alikuwa kaburini.

Wa pili ni Wilhelm Müller, mtoto wa fundi cherehani wa Dessau. Mwaka 1815 aliandika katika shajara yake kwamba hawezi kupiga chombo wala kuimba, lakini anapotunga beti anaimba na kupiga, na kwamba huenda siku moja ikapatikana roho inayofanana na yake itakayosikia sauti zilizo ndani ya maneno na kumrudishia. Roho hiyo ilikuwapo Vienna ikiwa na umri wa miaka 18. Schubert aliyakuta mashairi 12 ya Safari ya Kipupwe (Winterreise) katika kitabu cha mwaka, akayatunga mwanzoni mwa 1827 akidhani ndiyo yote, kisha akagundua kuna mengine 12. Müller alifariki tarehe 30 Septemba mwaka huo akiwa na miaka 32. Schubert aliendelea na nusu ya pili mwezi uliofuata, na mwaka mmoja baadaye, akiwa kitandani mgonjwa, alikuwa bado akisahihisha prufu zake. Mwambie mwalimu wenu awasomee mashairi hayo kwa sauti, kwa tafsiri, kabla ya kufungua piano.

Swali: Jumba la opera la hapa Muscat lilifunguliwa mwaka 2011 kwa Turandot. Jirani yangu alisema kwamba usiku wa kwanza kabisa wa opera hiyo ilikatishwa katikati. Kulitokea nini? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Usiku huo ulikuwa tarehe 25 Aprili 1926, La Scala, Milan. Puccini alikuwa amefariki Brussels mwezi Novemba 1924 akiwa ameandika mpaka kifo cha Liù, kijakazi anayejiua ili asilitoe jina la mwanamfalme anayempenda. Mwongozaji wa okestra, Arturo Toscanini, alipofika hapo aliweka kifimbo chini, akawageukia watu na kuwaambia kwamba opera inaishia hapa, kwa kuwa hapa ndipo mtunzi alipofia. Siku zilizofuata ilichezwa na mwisho uliokamilishwa na Franco Alfano, na ndio unaochezwa mara nyingi mpaka leo.

Ugonjwa ulimzuia, lakini maneno yalikuwa yamemzuia kabla yake. Baada ya kifo cha Liù, binti mfalme aliyewakata vichwa wachumba wake wote anatakiwa kuyeyuka na kupenda, tena katika muda wa wimbo mmoja wa wawili. Washairi Giuseppe Adami na Renato Simoni waliandika maneno ya sehemu hiyo, Puccini akayarudisha. Wakaandika tena, akayarudisha tena. Hakuna neno lililomridhisha kwamba mtu aliyemwona Liù akifa anaweza kuimba furaha dakika chache baadaye, na mimi nikiisikiliza kazi ya Alfano nadhani Puccini alikuwa na haki ya kusitasita.

Liù mwenyewe hakuwamo katika tamthilia ya Carlo Gozzi ya mwaka 1762 waliyoifuata, aliongezwa nao. Na kwa wimbo wake wa mwisho Puccini hakuwasubiri washairi. Aliyaandika maneno mwenyewe, akawaonyesha, nao wakayaacha kama yalivyo: "Tu che di gel sei cinta", wewe uliyezungukwa na barafu. Msomaji wetu wa Unguja na ahesabu: tu, che, di, gel, sei, cin, ta.